Nusu Kilo ya Nyama na Miaka 34 ya Hesabu

Jumamosi nilitumwa nyama. Nusu kilo. Msee wa bucha akakata, akarusha kwa mizani, akaongezea mfupa juu kama kawaida yao, akafunga, nikalipa. Nikiwa njiani narudi nyumbani swali likanishika na likakataa kuniachilia: hii nusu kilo imetoka wapi?

Usiniambie ng'ombe. Ingia ndani zaidi. Nyama ni atomi. Karibu uzito wote wa atomi uko kwa kiini chake, na kiini ni protoni na nyutroni. Hadi hapo ni mambo ya sekondari. Sasa kila protoni ina kwaki tatu ndani yake, na nyutroni vilevile. Kwa hivyo ukichukua kwaki zote za hiyo nyama, ukapima moja moja halafu ukajumlisha, unafaa kupata gramu 500, si ndiyo?

Unapata kama 5.

Sijakosea kuandika. Protoni moja, kwa vipimo vya wanafizikia, ni MeV 938. Kwaki zake tatu zikijumlishwa ni kama MeV 9. Asilimia moja hivi. Mtu wa bucha akikufanyia hesabu kama hiyo mtafikishana kwa chifu.

Na msinitajie Higgs. Najua 2012, CERN walipoitangaza, kila mtu aliandika eti sasa tumejua uzito unatoka wapi. Higgs inahusika na zile gramu 5. Hizo zingine 495 ni nishati: kwaki zinakimbia ndani ya protoni karibu kwa kasi ya mwanga, na kuna gluoni, yaani ile gundi inayozishika, nayo imejaa nishati. Einstein alishatuambia nishati na uzito ni kitu kimoja kikivaa nguo tofauti. Ukiinua ile nyama, unainua mchafuko.

Lakini kusema ni rahisi. Kuketi chini ukahesabu, ukaanza na kwaki na gluoni peke yake hadi ukafika kwa ile 938, hiyo ilichukua miaka 34. Na hiyo ndiyo stori ya leo, kwa sababu imenikalia vibaya kwa njia ambayo nitawaelezea.

Turudi 1964. Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mtu kivyake, wanasema protoni si kitu kimoja, ina vipande ndani. Shida ni kwamba hakuna mtu amewahi kuona kipande kimoja kikiwa peke yake. Ugonge protoni vipi, kwaki haitoki. Mwisho wa hiyo miaka ya sitini, pale SLAC kule California, wanarusha elektroni kwa protoni na zinaruka kana kwamba zimegonga vitu vidogo vigumu ndani. Kwa hivyo ziko. Lakini hazitoki.

Mwaka wa 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer wanapata kitu cha ajabu kuhusu nguvu inayoshika kwaki: zikiwa karibu karibu, nguvu inalegea. Ukizitenganisha, inakaza. Kinyume kabisa cha sumaku. Wilczek alikuwa na miaka 22, Politzer 23. Soma hiyo polepole kabla usukume skrini.

Sasa kuna nadharia, na ni nzuri. Lakini haihesabiki. Ngoja nieleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi huacha kusoma. Nadharia za nyuga za kwanta zinasema kila mahali, hata pale unadhani ni patupu, kuna uga unaotikisika, na chembe ni ile mitikisiko. Kwa umeme, nguvu ya mtikisiko mmoja kushika mwingine ina namba yake, kama 1 juu ya 137. Ndogo. Kwa hivyo unahesabu kwa awamu. Awamu ya kwanza inakupa jibu kubwa, ya pili inarekebisha kidogo, ya tatu kidogo zaidi. Ni kama kulipa deni la duka: unatoa elfu, unaambiwa bado shilingi saba, unatoa saba, unaambiwa bado senti tano, mnasameheana. Ndani ya protoni ile namba inakaribia 1. Unalipa elfu, unaambiwa bado elfu. Unalipa tena, bado elfu. Wenye mikopo ya simu mnanielewa.

Hapo anaingia Kenneth Wilson.

Na hapa lazima niwe mkweli. Nilipoanza kusoma kumhusu, nilikuwa tayari nimeandika kichwa cha video. Huyu jamaa aliajiriwa Cornell 1963, na kwa miaka karatasi alizochapisha ni za kuhesabu kwa vidole. Wenzake wanatoa karatasi kama mandazi, yeye kimya. Halafu 1971 anatoa kazi iliyobadilisha jinsi fizikia inavyoelewa vitu vikitazamwa kwa karibu na kwa mbali, na 1982 anapewa Nobel peke yake, bila kugawana na mtu. Mi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea hesabu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, sehemu ile ingine ni mimi mwenyewe. Na kila tukikutana na shangazi yangu swali ni lilelile: miaka miwili, na hauna hata karatasi? Kwa hivyo unaona jinsi ile video ilikuwa tamu. Nobel bila makaratasi. Ningepata watazamaji, shangazi angetumiwa na watu watatu tofauti.

Lakini ni uongo, hata kama kila sentensi ndani yake ni kweli. Babake Wilson alikuwa profesa wa kemia Harvard. Yeye mwenyewe alisoma Harvard, na mara mbili akawa kati ya washindi wa juu wa shindano la Putnam, lile la hesabu linalotesa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Udaktari wake ni wa Caltech, msimamizi Gell-Mann yuleyule wa kwaki. Na wakati wote akiwa kimya, mshahara ulikuwa unaingia. Kukaa kimya miaka ukifikiria ni kitu watu hulipiwa mahali fulani duniani, na mahali pengine hawalipiwi. Nikafuta ile video. Nilichobaki nacho ni hii stori yenyewe, na kusema kweli ni nzuri kuliko ile niliyotaka kuuza.

Mwaka wa 1974 Wilson anasema hivi: tatizo letu ni kwamba anga ni laini mno. Tuikate. Chukua karatasi ya grafu. Pale mistari inapokutana, weka kwaki. Kwa kila kipande cha mstari kinachounganisha nukta mbili, weka gluoni. Sasa usiishie kwa pande mbili za karatasi. Ongeza kimo, halafu ongeza muda. Ndiyo, muda nao unakatwa vipande. Unapata wavu wa pande nne, na kila kitu kinachotokea kinatokea juu ya huo wavu.

Hakuna anayedai ulimwengu umetengenezwa hivyo. Wavu ni kama zile mbao fundi hufunga kando ya nyumba akijenga. Unahesabu kwa wavu wenye matundu makubwa, unafanya yawe madogo, madogo zaidi, unaangalia jibu linaelekea wapi, halafu unatoa mbao. Na hakuwa peke yake kwa hii njia. Franz Wegner wa Ujerumani alikuwa ametengeneza kitu kama hicho 1971 akifikiria sumaku, na Alexander Polyakov kule Muungano wa Sovieti na Jan Smit walikuwa na mawazo ya karibu. Ila Wilson ndiye aliyeiandika ikaeleweka kazi yake ni nini.

Alichoonyesha ni hiki. Kwenye wavu wenye matundu makubwa, kwaki mbili zikivutwa zinafanya kama manati. Uga kati yao hautawanyiki kama wa sumaku, unajikusanya uwe kamba. Vuta zaidi, nishati inaongezeka kila hatua, haipungui. Leo tunajua hiyo kamba inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kama tani 14. Kitu kidogo kuliko atomi, kinavuta kama lori. Na ikikatika haukupati kwaki huru mkononi: ile nishati inazaa kwaki mpya pale ilipokatika, na kila kipande kinarudi kuwa na mwenzake. Ndiyo maana hazitoki.

Sawa. Lakini hiyo ni kwa matundu makubwa. Kwa matundu madogo, yale ya ukweli, kalamu haitoshi. Inahitaji kompyuta, na hata kompyuta inahitaji ujanja.

Mfano. Chukua wavu mdogo wa nukta 10 kila upande. Pande nne, ni nukta 10,000. Kila nukta ina viungo vinne vyake, kwa hivyo viungo 40,000. Tuseme kila kiungo kina uwezekano wa kuwa na hali mbili tu, kama swichi ya taa. Idadi ya njia za kupanga wavu mzima ni namba yenye tarakimu zaidi ya 12,000. Namba ya atomi zote tunazoweza kuona ulimwenguni ina tarakimu kama 80. Ukijaribu kupitia moja moja utakufa, jua litakufa, na hautakuwa umeanza.

Ujanja ni kutopitia zote. Mama akitaka kujua kama supu ina chumvi hanywi sufuria nzima. Anakoroga vizuri, anachota kijiko. Hiyo mbinu inaitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kasino, na ilizaliwa Los Alamos, mahali pale pale pa mabomu ya nyuklia. Karatasi iliyoeleza jinsi ya kukoroga vizuri ilitoka 1953 na ina majina matano, lakini algoritimu inaitwa ya Metropolis, kwa sababu jina lake lilitangulia. Aliyeandika programu yenyewe, ikaendeshwa kwa kompyuta iliyoitwa MANIAC, ni Arianna Rosenbluth. Alikuwa amepata udaktari wa Harvard akiwa na miaka 21. Baadaye akaacha fizikia akalee watoto. Kila simulesheni ya wavu nitakayotaja kuanzia hapa imesimama juu ya kazi yake kwa njia moja au nyingine, na mimi nimesoma hesabu ya chuo miaka miwili bila kusikia hilo jina hata siku moja.

Michael Creutz wa Brookhaven, New York, ndiye aliyeleta kijiko kwa sufuria ya Wilson. Mwaka wa 1980 alichapisha matokeo ya wavu usiozidi zile nukta 10,000. Hakuweka nguvu ya kwaki yenyewe, aliweka binamu yake rahisi. Na kwa kompyuta ya enzi hizo akaona kwamba manati ya matundu makubwa na ule ulegevu wa 1973 wa matundu madogo vinaungana, hakuna ukuta katikati. Ni nadharia moja. Watu walichanganyikiwa kwa furaha. Mwaka uliofuata wengine wakaanza kuhesabu uzito wa chembe.

Halafu ikakwama. Miaka na miaka.

Shida ni kwamba ndani ya protoni kwaki huzaliwa na kufa kila wakati, jozi kwa jozi, na kuziweka hizo kwa hesabu ni ghali kupita kiasi. Kwa hivyo kwa miaka mingi watu walizipuuza, wakajua wanazipuuza, wakasema tutarudi. Mwaka wa 1989, kwa mkutano wa Capri, Italia, Wilson mwenyewe, tayari na Nobel yake, aliwaambia kwamba huenda ikahitajika nguvu ya kompyuta mara milioni mia moja zaidi, na mbinu mpya pia, ndiyo hii kazi iwe na maana kwa majaribio. Fikiria mtu aliyeanzisha barabara anasimama anakwambia bado ni ndefu hivyo. Na hao watu wakarudi nyumbani wakaendelea kuijenga.

Walijenga hata mashine. Mwezi wa Novemba 1996 kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani ilikuwa CP-PACS, ya Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, na ilikuwa imetengenezwa mahususi kwa hii hesabu ya wavu. Ikatumika, ikatoa jibu: ukipuuza zile jozi, uzito wa chembe unakosea kwa kama asilimia 10. Yaani mashine namba moja duniani ilifanya kazi miaka ili ithibitishe kwamba mko karibu, lakini mmekosea. Mi ningelia. Kwa sayansi hiyo ni ushindi, kwa sababu sasa ulijua njia ya mkato haitakufikisha.

2001 wakakutana Berlin, mtu akachora grafu ya gharama ya kufanya hesabu kamili na uzito halisi wa kwaki. Mstari ukapanda juu kama ukuta, wakauita Ukuta wa Berlin. Ulivunjwa kwa algoritimu kuliko kwa mabavu. Akina Martin Hasenbusch na Martin Lüscher walipata njia za kugawa ile hesabu vipande ili kila kipande kishughulikiwe kivyake.

Na gemu. Hii nawawekea mbogi ya wale mnaoshinda mkicheza. 2006 kikundi cha Budapest na Wuppertal kilichukua kadi za grafiki, zile za kuchora magari na risasi kwa skrini, wakazitumia kuhesabu kwaki. Enzi hizo hakukuwa na lugha nzuri ya kuziandikia hesabu, ilibidi waifanye kadi iamini inachora picha. Karatasi yao inalinganisha hii fizikia na gemu ya video hadi kwa kichwa chake. Leo kila mtu anatumia hizo kadi, hadi kwa akili bandia, na wengi wanadhani ndiyo wazo la juzi.

Novemba 2008, kikundi kikubwa kidogo, Budapest, Marseille na Wuppertal, wanaojiita BMW kama gari, watu 12, wanachapisha kwa jarida la Science. Jozi zote ndani, hakuna kupuuza. Walichukua vipimo vitatu tu kutoka kwa maabara ili wawekee hesabu yao kiwango, vingine vyote vikatoka kwa wavu. Uzito wa protoni na nyutroni: MeV 936, na uwezekano wa kukosea kama 33 juu au chini. Ule wa maabara ni 939.

1974 hadi 2008. Wilson alikuwa hai kuiona. Alifariki 2013.

Kuna sehemu moja bado, na ndiyo imeleta ugomvi wa kizazi chetu. Muoni ni kama kaka mzito wa elektroni, na usumaku wake unaweza kupimwa kwa usahihi wa kutisha. Brookhaven waliupima, ukakataa kulingana na nadharia. Mwaka wa 2013 wakabeba ile pete ya sumaku, upana kama mita 15, kwa meli na lori kutoka New York hadi Fermilab, karibu na Chicago, wapime tena. Tarehe 7 Aprili 2021 wakatangaza: bado haulingani. Vichwa vya habari duniani kote: fizikia mpya! Siku hiyohiyo, kwa jarida la Nature, BMW walichapisha hesabu yao ya wavu ikisema jamani, kwa hesabu yetu pengo si kubwa hivyo.

Nani aliwasikiliza? Si sana. Ilikuwa kompyuta dhidi ya ndoto. Nadharia rasmi ilikuwa imejengwa juu ya data za majaribio ya zamani, na watu waliona afadhali data kuliko simulesheni. Lakini vikundi vingine vya wavu, kwa mbinu tofauti, vikaanza kupata jibu la kuelekea kulekule. Data za majaribio nazo zikaanza kupingana zenyewe kwa zenyewe. 2025 kikundi cha wananadharia kikahamia kwa namba za wavu, Fermilab wakatoa kipimo chao cha mwisho mwezi wa Juni, na lile pengo likayeyuka. Kuna watu walisikitika. Mi pia nilisikitika kidogo, nilikuwa nimeshaambia mbogi yangu kwamba fizikia inavunjika.

Kwa hivyo ile nusu kilo imehesabika. Kisichopatikana hadi leo ni uthibitisho wa kihesabu, ule wa kalamu, usio na kompyuta, kwamba nadharia za aina hii zinasimama zenyewe bila wavu na hazimpi mtu gluoni huru nyepesi. Taasisi ya Clay iliweka hilo swali kati ya maswali yake saba mwaka wa 2000, zawadi dola milioni 1. Hakuna aliyeichukua.

Nilimwambia shangazi kuhusu hiyo pesa tukila ile nyama. Aliuliza fomu zinachukuliwa wapi.